Mtaji wa Bao na Mtaji wa Ghalani

Masika ya mwaka 1996 Mto Kilombero ulijaa mpaka pantoni ikafungwa, nami nikakaa siku tatu Kivukoni, upande wa Ulanga, pamoja na magunia 40 ya mpunga yaliyofunikwa turubai. Hakukuwa na la kufanya. Wenye magari walilala chini ya magari yao, mama lishe waliuza chai na samaki mpaka sukari ikaisha, na wazee walikaa chini ya mwembe wakicheza bao, kama walivyofanya siku zote pantoni ilipochelewa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 15 wakati huo, hakuwa na habari na bao. Alikuwa amerudi kutoka likizo Dar es Salaam na kidude cha plastiki chenye kioo kidogo na vitufe, kinachotumia betri, na kutwa nzima kililia ti-ti-ti mikononi mwake. Ilikuwa ile gemu ya matofali ambayo miaka hiyo ulikuwa huwezi kupita Kariakoo bila kuuziwa.

Nikamwambia, "We bwana, mchezo huo utakupa nini?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Mjomba, na lile bao linawapa nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo kidogo leo, na limenigharimu ghala zima la mpunga.

Aliyenifundisha bao ni baba mkubwa, na ndiye pia aliyenifundisha biashara, wala sidhani kama yeye mwenyewe aliona tofauti kati ya mafunzo hayo mawili. Kwa msomaji asiyelijua, bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika mistari minne, na kete 64. Kila mchezaji ana mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Mchezo huanza kwa namu: kila mmoja ana kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na hizo za mkononi anaziingiza moja moja. Zikiisha, mnaingia awamu ya pili, ambapo kila mtu anacheza kwa kile kilichomo ubaoni tu. Kuna shimo moja linaloitwa nyumba, ambalo huanza na kete sita na hujazwa taratibu. Nyumba ni akiba. Ukifika hapo katika kula kwako unaweza kusimama ukailinda, au unaweza kusafiri nayo, yaani kuichota yote na kuisambaza, na hapo ndipo mtazamaji hujua kama mchezaji ana akili au ana pupa.

Sasa sikiliza maneno yenyewe. Ukiwa na nafasi ya kula kete za mwenzako, wachezaji husema una mtaji. Usipokuwa nayo unatakata, yaani unazungusha kete zako mwenyewe bila kula chochote. Neno mtaji ni lile lile la dukani, lakini dukani tumelizoea kwa maana ya fedha au mali uliyo nayo. Kwenye bao halina maana hiyo hata kidogo. Mtu anaweza kuwa na kete 40 kati ya zile 64 na asiwe na mtaji; mwenzake mwenye 24 akawa nao. Baba mkubwa alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, una mtaji?" Nami kwa ujana wangu nilimwonyesha nyumba yangu iliyojaa. Alicheka mpaka akakohoa. Kete zilizolala, alisema, si mtaji. Mtaji ni mlo unaofuata.

Kuna kanuni nyingine ambayo wageni wa bao huiona kama uonevu. Mchezaji aliyeishiwa kete katika mstari wa mbele ameshindwa, hata kama mstari wake wa nyuma umefurika. Huwezi kuomba radhi kwamba mali unayo ila iko nyuma. Mbele patupu, umekwisha.

Nimeanza na mchezo, lakini ninalotaka kulieleza ni la mahali pale, maana Kivukoni pana historia yake, na ni historia ya ubao uliobadilishwa mara nyingi watu wakiwa katikati ya kucheza.

Mto huu, ambao Wajerumani waliuita Ulanga, unapokea maji ya milima ya Udzungwa upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili, kisha hukutana na Luwegu na kuzaa Rufiji. Bonde lake hufurika kila masika, na maji yanapopungua ardhi inakuwa imeshiba. Ndiyo maana mpunga unakubali sana huku. Kabla ya pantoni walikuwepo Wandamba na mitumbwi yao, wavuvi ambao mto kwao si kizuizi bali ni barabara. Aliyetaka kuvuka aliwafuata wao, na bei ya kuvuka ilikuwa maneno ya wawili.

Wakaja Wajerumani. Jeshi lao lilikuwa na sifa ya kufundisha maafisa kwa mchezo: tangu mwaka 1824 maafisa wa Prussia walichezeshwa vita juu ya ramani, kwa vipande vya askari na dadu, na desturi hiyo ikaigwa na majeshi mengine ya dunia. Walakini mwaka 1905 Wambunga na Wapogoro walipoinuka katika Vita vya Maji Maji, Ifakara iliangukia mikononi mwa wapiganaji, na tarehe 30 Agosti boma la Mahenge likashambuliwa na maelfu ya watu walioamini kwamba dawa ya maji itageuza risasi. Boma halikuanguka. Bunduki za rashasha ziliwafyeka watu, na baadaye mashamba yakachomwa na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Nafikiri pande zote mbili zilicheza vizuri mchezo ambao si ule uliokuwa mbele yao: mmoja alikuwa na ramani isiyo na kipande cha imani, mwingine alikuwa na imani isiyo na hesabu ya rashasha.

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Waingereza walikuja, maduka ya Wahindi yakaota Ifakara, ushirika ukaanza. Ubao uliopinduka mbele ya macho ya baba mkubwa ni ule wa baada ya Azimio la Arusha. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa msaada wa China, ikapita Ifakara, na mpunga wa bonde ukapata mgongo wa kuufikisha Dar es Salaam. Mtu mwenye akili angesema sasa ndipo biashara itakapochanua. Kumbe mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na Shirika la Usagishaji la Taifa likakabidhiwa kununua nafaka moja kwa moja vijijini. Reli ilikuwepo, mpunga ulikuwepo, baba mkubwa alikuwepo na mizani yake. Kilichoondoka ni ruhusa.

Alifanya kama wengi walivyofanya. Alinunua kidogo kidogo, akasafirisha kidogo kidogo, usiku, kwa mtumbwi. Sitajidai kwamba lilikuwa jambo la kishujaa. Ulikuwa ulanguzi, na ndivyo tulivyouita wenyewe tukiwa peke yetu.

Mwaka 1983 ilipotangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, habari zilitufikia kwa redio na kwa hofu. Watu walitupa sabuni mtoni. Wengine walizika vitenge. Baba mkubwa alikuwa na magunia manane ya mchele chumbani, chini ya kitanda na juu ya dari, na ilisemekana wakaguzi wameshafika Ifakara. Asubuhi moja akatangaza hitima ya mama yake mzazi. Bibi yetu huyo alikuwa amefariki miaka mitano nyuma na hitima yake ilikuwa imeshasomwa, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza. Sufuria ziliazimwa kijiji kizima. Wali ulipikwa siku mbili, walioweza kula walikula, walioweza kubeba walibeba kwenye majani ya migomba, na wakaguzi walipovuka walikuta nyumba inanukia iliki na haina hata debe moja. Nao wakakaribishwa, wakala.

Usiku ule nilimkuta amekaa kibarazani, mikono mitupu. Nilimpa pole. Akasema tu, "Nyumba imesafiri."

Nilidhani ni maneno ya kujifariji. Mwaka uliofuata, 1984, masharti yalilegezwa, mtu binafsi akaruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali. Gunia tano hivi. Wafanyabiashara wenye fedha walitoka Morogoro na Dar es Salaam kutafuta mpunga, na kila mkulima wa pande zetu aliyekula ule wali akamfuata baba mkubwa kwanza. Walimwachia mpunga kwa mali kauli: chukua, uuze, utulipe ukirudi. Alianza tena bila senti moja. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikicheka nilipomwonyesha nyumba yangu iliyojaa. Magunia manane chini ya kitanda yalikuwa kete zilizolala. Yale matumbo yaliyoshiba ndiyo yaliyokuwa mtaji.

Mimi nilianza biashara yangu mwaka 1985, chini yake, na alipofariki nikashika mizani. Masharti ya kusafirisha nafaka yaliondolewa mwaka 1987, na kwa robo karne iliyofuata Kivukoni pakawa mahali pa neema. Hebu fikiria: kila gunia lililotoka Lupiro, Malinyi au Mahenge kwenda relini au Morogoro lilipaswa kusimama hapo. Pantoni ilibeba magari machache kwa safari. Msururu ulikuwa mrefu, na msururu mrefu unauza. Unauza wali na samaki, unauza sigara, unauza godoro la kulalia, unauza taarifa za bei. Wabeba mizigo, madalali, wenye mitumbwi, wakaanga mihogo, sote tuliishi kwa sababu mto ulikataa watu wasipite upesi. Nilinunua mpunga kwa mkulima aliyechoka kusubiri na kuuza kwa tajiri aliyekuwa ng'ambo. Mara nyingine nilinunua kwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, na sijivunii hilo.

Sasa turudi kwenye kidude cha mpwa wangu.

Gemu ile, ambayo jina lake halisi ni Tetris, ilitungwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akifanya kazi Moscow katika Akademia ya Sayansi ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani iliiuza pamoja na kidude chake cha Game Boy, ikaenea duniani kwa mamilioni, kisha vikaja vile vya bei rahisi vya kuigiza, ambavyo ndivyo vilivyotufikia sisi. Mtungaji mwenyewe, kwa kuwa haki zilikuwa za dola, hakuanza kupata mrabaha mpaka mwaka 1996, mwaka ule ule mpwa wangu alipokuwa akinipigia ti-ti-ti juu ya magunia. Nilipolisikia jambo hili niliwakumbuka wakulima wa Minepa na lumbesa zangu.

Inachezwa hivi. Vipande vya aina saba, kila kimoja kimeungwa kwa vitofali vinne, vinashuka kutoka juu kimoja kimoja. Unaweza kukigeuza na kukisogeza, huwezi kukizuia. Mstari ukijaa kutoka ukingo hadi ukingo unafutika. Rundo likifika juu, umekwisha. Kuna kipande kimoja kirefu kilichonyooka, mpwa wangu alikiita fimbo. Ukirundika vitofali kwa ustadi na kuacha mfereji mwembamba pembeni, fimbo ikija inatumbukia humo na kufuta mistari minne kwa mpigo, na alama zake ni nyingi mno. Lakini fimbo haina ahadi. Inaweza kuja sasa, inaweza isije mpaka umekufa, na muda wote unaposubiri vipande vingine havikomi kushuka, tena kasi inaongezeka.

Siku ya pili ya kungoja pantoni nilikiomba kile kidude nijaribu. Nilikufa mara 11. Kila mara nilikuwa nimeacha mfereji safi pembeni.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, wewe unangoja fimbo tu. Futa mmoja mmoja."

Mtoto wa miaka 15. Nilimrudishia kidude chake nikaenda kwa wazee wenzangu.

Mwaka 2012 bei ya mchele ilipanda nchini kote mpaka magazeti yakaandika. Mimi nilikuwa nimenunua mavuno ya mwaka huo kwa fedha zangu zote, pamoja na za mkopo, magunia 140 ya Supa safi, nikayaweka ghalani. Desemba walikuja wanunuzi wakanipa bei ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikakataa. Kila mfanyabiashara wa mpunga anajua kwamba kilele cha bei ni Februari na Machi, mpunga wa zamani umekwisha na mpya bado uko shambani. Mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kibanda chake, alikuja jioni moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu uji."

Akakaa, akatazama lile rundo lililofika darini. Alisema angekuwa yeye angeuza magunia kumi kila wiki, kwa bei yoyote ya wiki hiyo, asikose fedha mkononi. Nilimwambia biashara si gemu. Naye kwa adabu akanyamaza, akanywa uji wake.

Mwanzoni mwa 2013 Serikali iliruhusu mchele kutoka nje uingie bila ushuru ili kushusha bei mijini. Kwa mlaji wa Dar es Salaam lilikuwa jambo jema, nisilikane. Kwetu bei ilianguka kama nazi. Machi niliyoingoja ilikuja bila wanunuzi. Nikasema nitangoja Aprili. Aprili mto ukajaa. Juni mavuno mapya yakaanza kushuka, wakulima wanakuja na mpunga wa bei ya kutupa, bei ambayo mwaka mwingine ningeomba dua niipate, na mimi sina hata shilingi ya kununulia gunia moja. Ghala langu lilikuwa limejaa. Nilisimama mlangoni nikitazama watu wengine wakinunua mpunga wa wateja wangu mbele ya uso wangu, na ndipo kanuni ya baba mkubwa iliponijia waziwazi: nyuma pamefurika, mbele patupu. Nilikuwa nimeshindwa tangu Desemba, ila nilikuwa sijaambiwa.

Niliuza Agosti, kwa hasara ya theluthi, nikalipa mkopo kwa kuuza na kiwanja.

Nimefikiri sana kuhusu kosa lile, na sikubaliani na wanaosema kungoja ni ujinga. Wapo waliongoja miaka mingine wakajenga. Ukulima wenyewe ni kungoja. Bao nalo linakuruhusu kungoja, ndiyo maana likakupa nyumba. Lakini limekupa nyumba moja, si 16. Mimi nilikuwa nimegeuza kila shimo kuwa nyumba. Tena kuna jambo ambalo michezo yote miwili ilinidanganya. Kwenye bao kete zote ziko wazi. Anayeshindwa ameshindwa kuhesabu, hajafichwa kitu. Biashara ya mpunga ni bao ambalo nusu ya mashimo yamefunikwa, na anayekaa kando akitazama anaweza kuinuka wakati wowote akabadilisha kanuni. Ile gemu ya matofali angalau inakiri kwamba hujui kipande kijacho.

Hata hivyo siwezi kujitetea kwa mashimo yaliyofunikwa, kwa sababu pigo la pili lilikuwa wazi kuliko jua.

Wakati ule ule nilipokuwa nikingoja fimbo yangu, kampuni ya Kichina ilikuwa imeanza kujenga daraja. Nguzo zilisimikwa mtoni mbele ya ghala langu. Nilikunywa chai nikizitazama. Niliwauzia mafundi mchele. Wazee walibishana chini ya mwembe kama litahimili mafuriko, wakikumbushana maji ya El Niño ya 1998, na hakuna hata mmoja wetu, watu tuliokuwa tukihesabu kete za mzunguko mzima kwa jicho, aliyehesabu nini kitatokea gari likipita bila kusimama. Tulikuwa tumeshazoea kwamba mto ndio ubao. Huchezi ukifikiri ubao utaondoka.

Ila historia ingeweza kuniambia, na hili ndilo linaloniuma. Wandamba waliwahi kuwa wenye mto, pantoni ikawaondoa. Ushirika uliondoka kwa siku moja. Ruhusa iliondoka, ikarudi. Baba mkubwa alikuwa ameishi mabadiliko matatu kabla ya nywele kuwa nyeupe, na alinisimulia yote, nami niliyachukua kama hadithi za kupitisha msururu.

Mpwa wangu ndiye aliyehesabu. Kibanda chake kilikuwa cha gemu: runinga mbili, mashine mbili za PlayStation zilizokwishatumika, jenereta, na benchi la vijana wanaolipia mechi ya mpira. Wateja wake wengi walikuwa makondakta na wasaidizi wa madereva wanaosubiri pantoni. Mwaka 2016, biashara ikiwa bado nzuri, aling'oa kila kitu akahamia Lupiro. Nilimshangaa. Akaniambia, "Mjomba, hii stage inaisha." Lupiro ni njia panda, barabara ya Mahenge na ya Malinyi zinaachana pale, gari lisilosimama mtoni litasimama pale penye abiria. Kwenye gemu, alisema, ukishajua hatua inakwisha hubaki kuokota vijisarafu, unatafuta mlango.

Januari mwaka huo huo pantoni, MV Kilombero II, ilizama. Nakumbuka kelele, nakumbuka mitumbwi ikisukumwa kwa pondo kwenda kuokoa watu. Baada ya siku ile sikuweza tena kulaani daraja hata moyoni. Tena mimi ni nani hata nilaani? Mwaka 1981 dada yangu alishikwa na uchungu usiku, pantoni imelala, akavushwa kwa mtumbwi gizani kwenda hospitali ya Mtakatifu Fransis Ifakara, na huyu mpwa nusura azaliwe katikati ya mto, viboko wakikoroma kandokando. Familia yangu ilikuwa na sababu ya kulitaka daraja kabla yangu sijawa na sababu ya kuliogopa.

Mwaka 2018 Rais John Magufuli alilizindua, mita 384, likapewa jina lake. Gari linavuka kwa muda wa kutafuna kipande cha muhogo. Wagonjwa wanafika. Mpunga wa Ulanga unafika Ifakara asubuhi ile ile, na mkulima anaweza kuupigia simu soko kabla hajakutana na dalali yeyote, achilia mbali mwenye lumbesa. Mama lishe waliobaki ni wawili. Wabeba mizigo wameondoka. Chini ya mwembe bado bao linachezwa, lakini wachezaji ni wale wale, hakuna wasafiri wa kuwapokea, na mimi ni mmoja wao.

Mwaka huu nililima mwenyewe, ekari mbili za Saro, nikavuna magunia 12 baada ya ndege na wadai kuchukua chao. Wiki iliyopita mpwa wangu alipiga simu. Amefungua duka la nafaka pembeni ya kibanda cha gemu, anataka mpunga wa kuanzia, fedha atalipa ukiuzwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya mwaka 1996 ya mtu asiyeinua macho, "Mjomba, una mtaji?"

Nilitoka nje nikasimamisha lori, na lilisimama kwa sababu dereva ananijua. Nimempelekea magunia sita. Sita nimeyaacha ndani.